Kabla ya Kioo Kukatwa, Uso Upimwe

Wahenga walisema kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Usemi huo ni wa kweli kwa yule ambaye macho yake ni mazima. Lakini wamo miongoni mwetu ndugu wengi ambao macho yao hayawatoshi bila msaada wa kioo, na kwao usemi huo hutimia pale tu kioo hicho kinapokaa mahali kinapostahili kukaa. Kikikaa kando, hata kiwe kizuri namna gani, mwenye macho atatazama asione, au ataona huku kichwa kikimgonga.

Karibu kila nyumba ambayo mtu wake aliwahi kununua miwani, hukosi kukuta jozi moja iliyolala katika mtoto wa meza. Ukimwuliza mwenyewe kwa nini haivai, atakujibu kwa aibu kidogo. Mwalimu atasema ile miwani humfanya aione sakafu ya darasa kama iliyoinama. Fundi cherehani atasema akiivaa nusu saa, macho humwuma na uzi humponyoka. Dereva atasema taa za usiku humjia zikiwa mbilimbili. Na wote watatu watamaliza kwa neno moja: "Nadhani macho yangu yameikataa miwani."

Sisi hatukubaliani na neno hilo. Mara nyingi si macho yaliyoikataa miwani. Ni miwani iliyotengenezwa bila mwenye uso kupimwa. Jambo hili ni dogo kwa kulitazama, maana linahusu milimita chache na dakika chache. Lakini ndani yake imo fedha ya mwananchi, kazi yake, na imani yake kwa tiba. Ndiyo maana leo tumeona yafaa tulizungumze kwa urefu.

KAZI MBILI, SI MOJA

Watu wengi hudhani kwamba kupata miwani ni kazi moja, yaani kusoma herufi ukutani. Ubao huo wa herufi unajulikana mahali pote. Ulitolewa mwaka 1862 na daktari Mholanzi, Herman Snellen, na hadi leo hakuna chumba cha daktari wa macho kisichokuwa na ubao huo au mwenzake. Mgonjwa hukaa mbali, huziba jicho moja, husoma toka herufi kubwa hadi ndogo, hubadilishiwa vioo mpaka aone vizuri. Mwisho hupewa cheti chenye tarakimu za kila jicho.

Hiyo ni kazi ya kwanza, nayo ni kupima macho. Kazi ya pili ni kupima uso. Tarakimu za cheti humwambia fundi kioo kiwe na nguvu gani. Hazimwambii kioo hicho kisimame wapi mbele ya mtu huyu. Hazimwambii mboni zake zimeachana kwa umbali gani, pua yake ni pana au nyembamba, wala masikio yake yako nyuma kiasi gani. Hayo yote hayapatikani ila kwa kumkalisha mgonjwa na kumpima.

Tuchukue mfano ulio karibu na kila mtu. Ukipeleka kitambaa kwa fundi cherehani, naye akakipokea, akakuuliza rangi ya uzi, kisha akakwambia njoo Ijumaa, bila kukupima mabega wala kiuno, je, utaondoka umeridhika? Hasha. Utamwuliza, "Fundi, mbona hujanipima?" Haidhuru kitambaa ni cha thamani gani, unajua kwamba nguo isiyopimwa haitakukaa. Lakini mtu huyohuyo anayemhoji fundi wa suruali huingia katika duka la miwani, akachagua fremu kwa uzuri wake, akalipa, akapewa risiti, akaenda zake bila mtu yeyote kumwekea rula usoni. Sisi wenyewe yalitufika. Aliyetuhudumia aliisoma karatasi yetu kwa makini, akaziandika tarakimu zote, lakini hakuinua macho kututazama hata mara moja. Miwani ilipokuja, tuliivaa siku nne, nayo ikaenda kulala pamoja na zile nyingine.

TOKA MBONI HADI MBONI

Kipimo cha kwanza na kikubwa kuliko vyote ni umbali kati ya mboni mbili za macho. Kwa watu wazima umbali huo, kwa wastani, hukaribia milimita 63. Lakini wastani ni mgeni asiyekuwa na nyumba. Wapo watu wazima wenye milimita 54, na wapo wenye milimita 74. Watoto huwa nao mdogo zaidi, toka milimita 43 hivi hadi 58, na huongezeka kadiri mtoto anavyokua. Kwa hiyo aliyepimwa darasa la kwanza hana budi kupimwa tena anapopewa miwani nyingine. Kipimo cha zamani hakimfai.

Namna ya kupima ni rahisi, wala haihitaji mtambo mkubwa. Mpimaji huketi mbele ya mgonjwa, macho yao yakiwa usawa mmoja, wakiachana kwa urefu wa mkono, kama sentimita 40. Hushika rula ya milimita juu ya pua ya mgonjwa na kukiegemeza kiganja chake kisitetemeke. Kisha hufumba jicho lake la kulia na kumwambia mgonjwa, "Mzee, nitazame jicho hili lililo wazi." Huweka sifuri ya rula sawa na katikati ya mboni ya kulia ya mgonjwa. Halafu, bila kuisogeza rula, hufumba jicho la kushoto na kufumbua la kulia, na kumwambia, "Sasa nitazame hili." Hapo husoma tarakimu iliyo sawa na mboni ya kushoto. Kazi imekwisha. Aliyezoea haimchukui dakika moja.

Huko kufumba na kufumbua si mchezo wa kuigiza. Anayepima kwa macho yote mawili, au akiwa ameketi upande, huiona mboni mahali isipokuwapo. Vilevile mgonjwa akiitazama rula yenyewe, macho yake huelekea puani na kipimo hupungua. Ndiyo maana mpimaji mwangalifu hupima mara mbili au tatu, na tarakimu zikipishana, huanza upya. Na kwa kuwa nyuso zetu hazikuumbwa kwa rula, jicho moja huweza kuwa karibu na pua kuliko mwenzake. Kwa sababu hiyo inafaa kila jicho lipimwe peke yake toka katikati ya pua, hasa kwa wenye vioo vikali. Tena mtu anaposoma kitabu, mboni zake hukaribiana kwa milimita tatu au nne. Basi miwani ya kusomea tu haina kipimo kilekile cha miwani ya kutazamia mbali.

MILIMITA NNE ZAWEZA KUUMIZA KICHWA

Msomaji atauliza: milimita tatu au nne ni kitu gani hata tuzipigie kelele? Swali hilo ni la haki, na jibu lake liko katika asili ya kioo chenyewe.

Kila kioo cha miwani kina mahali pamoja, aghalabu katikati, ambapo nuru hupita moja kwa moja bila kupindishwa. Hapo ndipo mboni inapotakiwa kutazamia. Ukitazama kando ya hapo, kioo huipindisha nuru na kukuonyesha kitu mahali kisipokuwapo. Kadiri kioo kilivyo kikali, ndivyo kosa linavyokuwa kubwa. Ipo kanuni ya hesabu iitwayo kwa jina la Mmarekani Charles Prentice. Yasema: chukua nguvu ya kioo kwa dayopta, zidisha kwa umbali uliokosewa kwa sentimita, utapata idadi ya sentimita ambazo picha itahamishwa kwa kila mita moja ya mwendo wa nuru.

Tuifanye hesabu hiyo. Msichana wa sekondari asiyeona mbali amepewa vioo vya nguvu ya dayopta 5. Mboni zake zimeachana kwa milimita 58. Fundi hakumpima, amevikata vioo kwa kufuata fremu, hata vitovu vyake vikaachana kwa milimita 66. Zimezidi milimita 8, yaani milimita 4 kwa kila jicho. Tano mara 0.4 ni mbili. Kila jicho laona vitu vimehama sentimita 2 kwa kila mita moja, na kwa macho yote mawili ni sentimita 4. Ili ubao wa darasa usionekane mara mbili, macho ya msichana huyo hulazimika kutanuka kuelekea nje, kazi ambayo macho ya binadamu huiweza kwa shida na kwa kiasi kidogo sana. Atajitahidi asubuhi. Ikifika saa sita kichwa kitamwuma. Jioni ataivua miwani, na kesho hataivaa. Mwalimu atasema msichana ni mvivu, na mzazi atasema fedha yake imepotea. Wala daktari hakukosea, wala kioo hakina dosari.

Kosa la juu na chini ni baya zaidi. Kitovu cha kioo kimoja kikiwa juu na cha pili chini, picha mbili hupishana kama ngazi, na macho hayana nguvu ya kutosha ya kuzirudisha pamoja. Hapo milimita mbili tu kwa kioo kikali hutosha kumtia mtu kizunguzungu.

Kwa upande mwingine hatutaki kutia chumvi. Kwa kioo cha dayopta 1, kosa hilohilo la milimita 4 huhamisha picha kwa chini ya nusu sentimita, na wengi hawatalihisi. Ndiyo sababu jirani yako aliyenunua miwani sokoni anasoma gazeti kwa raha, na wewe uliyetengenezewa yako hospitalini unalalamika. Tofauti si bahati. Tofauti ni nguvu ya kioo, na mwenye kioo kikali ndiye mwenye haja kubwa ya kupimwa.

KIMO, PUA NA MASIKIO

Baada ya mboni hufuata kimo. Kipimo hiki huwahusu hasa watu waliopita miaka arobaini, wanaohitaji kioo cha sehemu mbili, juu cha kutazamia mbali na chini cha kusomea. Miwani ya namna hiyo si kitu kipya. Benjamin Franklin wa Marekani alikwisha kuizungumzia katika barua zake za miaka ya 1780. Lakini tangu enzi zake hadi leo swali limebaki lilelile: mstari wa kugawanya sehemu hizo ukae wapi? Kwa kawaida hukaa sawa na ukingo wa kope ya chini, mtu akiwa amesimama na kutazama mbele. Ukipandishwa juu, mzee atautumia upande wa kusomea anaposhuka ngazi au anapovuka mtaro, na huenda akaanguka. Ukiteremshwa chini, atalazimika kuinua kidevu kama anayetazama ndege ili asome barua ya mwanawe. Ziko pia lenzi za kisasa zisizokuwa na mstari, zinazobadilika nguvu pole pole toka juu hadi chini. Hizo ni ghali, na ndizo zisizosamehe kosa la kipimo hata kidogo.

Kimo hicho hakipimwi hewani. Hupimwa mgonjwa akiwa ameivaa fremu ileile aliyoichagua, tena ikiwa imekwisha kurekebishwa ikamkaa, kwa maana fremu ikisogea, kimo nacho husogea. Fundi huweka alama ya wino juu ya kioo cha mfano, akaisoma kwa rula. Anayepima kimo kabla ya fremu kuchaguliwa anajidanganya mwenyewe na mteja wake.

Kisha inakuja fremu yenyewe. Msomaji akiichukua miwani yake na kutazama upande wa ndani wa mkono wake, huenda akaona tarakimu kama 52, 18 na 140. Ya kwanza ni upana wa kioo, ya pili ni nafasi ya juu ya pua, ya tatu ni urefu wa mkono unaokwenda sikioni. Zote ni milimita. Ni kama namba ya kiatu. Ajabu ni kwamba hakuna anayenunua kiatu bila kuuliza namba, lakini miwani hununuliwa kwa kutazama kioo cha ukutani tu.

Na hapa tuna neno la kusema juu yetu sisi Waafrika. Fremu nyingi zinazouzwa katika maduka yetu zilichorwa kwa kufuata pua nyembamba iliyoinuka. Wengi wetu tumejaliwa pua pana na isiyoinuka sana penye kikalio cha miwani. Basi fremu hukaa kwenye mashavu, huteleza kwa jasho, na mwenyewe kutwa nzima huwa anaipandisha kwa kidole. Si jambo la urembo tu. Miwani inapoteleza, kimo chote kilichopimwa hupotea, na umbali kati ya kioo na jicho, ambao kwa kawaida ni milimita 12 hadi 14, huongezeka. Mwenye kioo cha dayopta 8 cha kutazamia mbali, miwani ikisogea mbele kwa milimita 5, hupoteza zaidi ya robo dayopta ya msaada aliolipia. Fundi anayejua kazi yake humtafutia mteja fremu yenye vikalio vya pua vinavyoweza kukunjwa, au fremu pana ya katikati, na kuipinda mikono yake ikamata nyuma ya sikio. Pua si kosa la mwenye pua. Kosa ni la anayelazimisha fremu isiyomfaa.

HOJA ZA WANAOPINGA

Tunajua kwamba wako watakaosema tunataka anasa. Watasema nchi zetu hazina wapima macho wa kutosha, na wananchi wengi hawana miwani yoyote. Heri basi miwani isiyopimwa kuliko kutokuwa nayo kabisa.

Hoja hiyo ina uzito, na hatuidharau. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 ilikadiria kwamba watu milioni 826 walikuwa na shida ya kuona karibu kwa sababu ya umri, bila kupata msaada. Miwani ya kusomea iliyotengenezwa tayari, yenye vioo viwili vya nguvu sawa, imewafaa wengi wa namna hiyo. Mwaka 2018 ulitangazwa uchunguzi uliofanywa kwa wachuma chai wa Assam, India, wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Waliopewa miwani ya kuonea karibu waliongeza mavuno yao kwa asilimia 22 hivi kuliko wale ambao hawakupewa. Jirani zetu wa Rwanda nao, kati ya mwaka 2012 na 2017, walifundisha wauguzi zaidi ya 2,000 wa vituo vya afya kupima macho na kutoa miwani ya bei nafuu vijijini. Hayo ni mambo ya kupongezwa, na yafaa sisi wa Uganda tuyaige.

Lakini miwani ya tayari ina mpaka wake. Yule ambaye jicho la kulia halilingani na la kushoto, haimfai. Yule ambaye jicho lake limepinda upande mmoja kuliko mwingine, akahitaji kioo chenye mhimili maalumu, haimfai. Mwenye kioo kikali haimfai. Mtoto haimfai. Na hata muuguzi wa kijijini anaweza kuwa na rula ya milimita, akajua nani wa kupewa ya tayari na nani wa kupelekwa mbele. Kwa hiyo kupima uso hakupingani na kuwafikia watu wengi. Ndiko kunakoonyesha ni nani amefikiwa kweli.

Wengine wataitaja misaada ya miwani iliyovaliwa na watu wengine ng'ambo, ikaletwa kwa magunia. Tunawashukuru wanaotoa kwa moyo mwema. Lakini wahenga walitwambia kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Miwani ile ilikatwa kwa mboni za mtu mwingine, kwa kimo chake na kwa pua yake. Kumpata mtu anayelingana nayo kwa yote ni bahati nasibu, na macho ya mwananchi si mahali pa bahati nasibu.

Siku hizi wapo pia wanaosema simu imemaliza kazi hii. Ni kweli kwamba zipo programu za simu zinazopima mboni kwa picha, mtu akiwa ameweka usoni kadi ya benki, ambayo urefu wake ni milimita 85.6 duniani kote. Kwa vioo hafifu huweza kusaidia. Lakini anayejipiga picha huku akiitazama simu iliyo karibu, mboni zake zimekwisha kukaribiana. Tena picha hiyo haijui fremu gani itavaliwa, wala itakaa wapi juu ya pua. Simu ni chombo kizuri mkononi mwa anayejua kupima. Haimfanyi asiyejua kuwa fundi.

NANI AFANYE NINI

Tumesema ya kutosha juu ya ugonjwa. Sasa tuseme juu ya dawa.

Kwanza, kila cheti cha miwani kiwe na nafasi ya kuandikia umbali wa mboni, nao uandikwe. Tunasikia kwamba wako wenye maduka wanaopima lakini wasitake kumpa mteja tarakimu hiyo, kwa kuogopa asije akapeleka kazi kwa fundi mwingine. Sisi twaona hiyo si biashara ya haki. Uso ni wa mgonjwa, kwa hiyo na kipimo cha uso ni chake. Anayempa mteja huduma njema hana haja ya kumfunga kwa kamba ya milimita.

Pili, mafunzo yatilie mkazo kazi hii ya mkono. Nchi yetu imekuwa ikiwafundisha matabibu wa macho katika chuo cha Jinja, na tangu mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Makerere kimekuwa na shahada ya upimaji macho. Hilo ni jambo la fahari. Lakini anayemkabidhi mgonjwa miwani mara nyingi si mwenye shahada. Ni kijana wa dukani aliyejifunza kwa kumtazama mwenzake. Kijana huyo naye apewe mafunzo mafupi, apewe rula, aangaliwe kazi yake. Rula ya milimita ni kitu rahisi mno. Tunachokosa ni mazoea ya kuitumia.

Tatu, wanaohesabu miwani waache kuhesabu iliyogawiwa, wahesabu inayovaliwa. Mwaka 2021 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 kiwango cha huduma ya miwani iliyo fanisi kiongezeke kwa pointi 40 za asilimia. Neno zito katika lengo hilo ni "fanisi". Maana yake ni kwamba mtu aliyepewa miwani na bado haoni vizuri hahesabiwi kuwa amehudumiwa. Jozi elfu moja zilizolala katika mtoto wa meza si mafanikio ya taifa. Ni hasara iliyoandikwa kwa wino wa sifa.

Nne, nasi wananchi tusikae kimya. Unapokwenda kuchukua miwani, uliza: "Ndugu, mbona hujanipima?" Muombe mhudumu aketi mbele yako, si pembeni. Ikiwa ni kioo cha sehemu mbili, usikubali kimo kipimwe kabla hujaivaa fremu yako. Miwani inapokuwa tayari, mwombe fundi aweke nukta ya wino katika kitovu cha kila kioo, uivae, utazame mbele, naye atazame kama nukta hizo zimesimama mbele ya mboni zako. Inama, tikisa kichwa, uone kama inateleza. Na ukiivaa siku kadhaa kichwa kikaendelea kuuma, irudishe. Usijilaumu, wala usiyalaumu macho yako, na usiifiche. Miwani uliyoificha haimfundishi fundi kitu, naye atamkosea na mwingine.

Tunakumbuka kwamba babu zetu wengi walifikia umri wa kutoweza kutia uzi katika sindano, wakaketi uani, wakasema kazi imewashinda. Hawakuwa na dawa. Sisi tunayo, tena imo katika maduka ya miji yetu, toka Mbarara hadi Gulu. Ingekuwa aibu kubwa ikiwa, baada ya daktari kufanya kazi yake na mwananchi kutoa fedha yake, dawa hiyo itashindwa kwa sababu tu hakuna aliyejisumbua kukaa mbele ya mgonjwa, akafumba jicho moja, akasoma rula.

Kioo kikikosewa, fundi atakata kingine. Lakini mtoto aliyekaa mwaka mzima bila kuuona ubao, mwaka wake haurudi. Basi uso upimwe kwanza, kioo kikatwe baadaye.